Kuiamsha injini ya gari la zamani iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa

Injini iliyozimwa ikiwa nzima, kisha ikaachwa kwa miaka kumi au ishirini, mara nyingi bado ni injini nzuri. Kinachoiharibu zaidi ni dakika ya kwanza ya mtu mwenye hamu. Mtu huyo hufunga betri mpya na kupiga stata papo hapo. Pistoni iliyoshikwa na kutu huvunja ringi zake, au valvu iliyoganda hupinda fimbo inayoisukuma, na kazi ambayo ingemalizika kwa siku mbili hugeuka kuwa kazi ya miezi. Mwongozo huu unahusu magari yenye kabureta na distributa ya pointi (kigawa cheche chenye vidole vidogo vya chuma vinavyokata na kuunga umeme), yaani mengi yaliyotengenezwa hadi miaka ya 1970, na kila hatua yake imejengwa juu ya kanuni moja: stata haipigwi mpaka injini iwe imezungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili bila kukwama popote.

Kabla ya kushika spana

Ulizia kwanza kwa nini gari liliegeshwa. Gari lililoachwa kwa sababu mwenyewe alizeeka au alihama ni tofauti kabisa na gari lililoachwa kwa sababu lilikuwa likichemsha, likigonga ndani ya injini au likitoa moshi. Kama waliokuwa karibu na gari hilo bado wapo, maelezo yao yatakuokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote cha kupimia, kwa sababu ubovu uliokuwepo siku gari lilipozimwa bado upo vilevile, na sasa umefunikwa na ubovu mpya.

Baada ya hapo tazama, usiguse. Fungua kichungi cha hewa na uchunguze tundu la ekzosi, maana panya hupenda kujenga viota humo, na majani makavu yakivutwa ndani ya kabureta yatafika kwenye valvu. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi ni jambo la kawaida. Oili iliyopauka kama maziwa ya chai ina maji ndani yake. Na oili iliyozidi alama ya juu huku ikinuka petroli huonyesha kwamba utando wa mpira wa pampu ya mafuta umepasuka, au kwamba sindano ya kabureta ilishindwa kufunga, mafuta yakashuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Fungua pia kifuniko cha rejeta, ikiwa injini hupozwa kwa maji, na uangalie kama kuna maji, kama yana kutu, na kama yana utando wa oili juu yake.

Betri ibaki nje ya gari mpaka utakapoihitaji. Nyaya za zamani ambazo mpira wake umekauka au umetafunwa na panya zinaweza kuwasha moto mara tu umeme unapopita, na moto wa aina hiyo huanzia nyuma ya dashibodi, mahali ambapo huuoni.

Kulainisha na kuzungusha kwa mkono

Hii ndiyo hatua inayostahili subira kuliko zote. Puliza vumbi kuzunguka plagi kabla ya kuzifungua ili uchafu usidondoke ndani ya silinda, kisha zitoe zote na uzipange kwa mfuatano wa silinda zilikotoka. Zisome moja baada ya nyingine: plagi yenye kutu ya rangi ya machungwa imetoka kwenye silinda iliyoingiwa na maji au unyevu, na hiyo ndiyo silinda ya kuitilia mashaka ikiwa injini itakataa kuzunguka. Katika injini yoyote iliyosimama, baadhi ya valvu hubaki wazi, na silinda zenye valvu wazi ndizo zinazovuta hewa ya unyevunyevu mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana silinda moja inaweza kuwa imeoza wakati jirani yake inang'aa.

Mimina ndani ya kila silinda vijiko viwili au vitatu vya dawa ya kulegeza kutu. Mafundi wengi hutumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, ambao hupenya vizuri sana, lakini ni lazima utikiswe kila mara kabla ya kumiminwa kwa kuwa vitu hivyo viwili hujitenga, na asetoni hushika moto upesi na kula rangi ya gari. Kama huna vitu hivyo, oili nyepesi itafanya kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi. Iache injini kwa saa 24 angalau, na ikiwa plagi zilikuwa na kutu, iache kwa wiki nzima huku ukiongeza dawa kila siku.

Ondoa gari kwenye gia, zuia magurudumu, kisha weka spana kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti kuu ya injini) na ujaribu kuzungusha kuelekea upande ambao injini huzunguka yenyewe, ambao katika injini nyingi ni upande wa mshale wa saa ukiwa umesimama mbele ya puli. Tumia nguvu ya mkono wako tu. Ikisogea hata kidogo, irudishe nyuma, kisha mbele tena, kwa hatua fupi fupi, mpaka nafasi ipanuke yenyewe. Ikikataa kabisa, usiongeze urefu wa mpini kwa bomba la chuma, kwa sababu bolti ya krenki inaweza kukatika na utakuwa umejiongezea tatizo la pili kabla hujamaliza la kwanza. Rudia dawa na usubiri. Gari lenye gia za mkono linaweza pia kuwekwa gia ya juu kabisa na kusukumwa taratibu mbele na nyuma, njia ambayo hugawanya nguvu vizuri kuliko spana, ilimradi klachi ishike.

Kama gari lina mkanda wa mpira wa taimingi (unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni) badala ya mnyororo au meno, ubadilishe kabla ya kuzungusha injini mbali. Mikanda hiyo ilianza kuonekana kwenye magari mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mpira wenye umri wa miongo kadhaa hauaminiki hata kama unaonekana mzima. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hukutana na valvu.

Pistoni zikishaachia, bado hujamaliza. Fungua kava la valvu na umwombe mwenzako azungushe krenki polepole wakati wewe unatazama. Kila valvu inapaswa kushuka na kurudi juu mara inapoachiwa. Valvu iliyoganda hushuka na kubaki chini, na mkono wake wa rokeri hubaki umelegea. Ukiendelea kuzungusha, pistoni inaweza kuigonga, au fimbo yake itachomoka au kupinda. Niliwahi kusaidia kuifungua injini ambayo mwenyewe aliamini kwamba imekufa kwa kukosa mgandamizo, na ubovu wote ulikuwa valvu mbili za ekzosi zilizoganda kwa masizi na kutu. Dawa ileile ya kutu iliyodondoshwa kwenye mashina ya valvu, pamoja na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mpira, iliziachia jioni ileile.

Oili na mgandamizo

Mwaga oili ya zamani hata kama inaonekana safi, badilisha kichungi, na kama sampu inafunguka bila kuitoa injini, ifungue. Tope lililokaa chini yake kwa miaka likiamshwa na oili mpya yenye sabuni litakwenda moja kwa moja kuziba chujio la pampu. Tia oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa injini za zamani chagua ile yenye viambato vya zinki na fosforasi vya kutosha, kwa kuwa tepeti zao bapa husuguana moja kwa moja na kemushafti, shafti inayofungua valvu.

Sasa betri inaingia, na kabla ya kuifunga ni lazima ujue gari linatumia volti ngapi na nguzo ipi imeunganishwa na bodi. Magari mengi ya Marekani hadi katikati ya miaka ya 1950, na Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967, yalitumia volti 6. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960 yaliunganishwa nguzo chanya kwenye bodi, na betri ikifungwa kwa mazoea ya leo inaweza kuunguza vifaa. Safisha ncha za waya wa bodi mpaka chuma king'ae, kwa sababu stata inayozunguka kwa uchovu mara nyingi hulalamikia waya huo, si betri.

Plagi zikiwa bado nje, tenganisha waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili, kisha piga stata kwa sekunde kumi, pumzika dakika moja, na urudie mpaka geji ya oili ipande au taa yake izime. Bila mgandamizo, beringi hazibebi mzigo mkubwa wakati pampu inavuta oili yake ya kwanza. Baada ya majaribio matano au sita bila dalili yoyote, simama: pampu imekauka na inahitaji kujazwa oili, au njia yake imeziba.

Wakati huohuo pima mgandamizo wa kila silinda, pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini ili njia ya hewa ya kabureta iwe wazi kabisa. Injini nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970 zikiwa na afya hutoa kati ya bar 8 na 12, ingawa zile za kabla ya hapo zilibuniwa kwa mgandamizo mdogo zaidi. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe, na isizidi takriban asilimia 15. Silinda ikiwa dhaifu, tia kijiko kimoja kidogo cha oili ndani yake na upime tena. Namba ikipanda, udhaifu uko kwenye ringi. Isipopanda, uko kwenye valvu. Na silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu kwa pamoja, itilie shaka gasketi ya silinda hedi. Hata hivyo, nakusihi usiifungue injini kwa sababu ya kipimo hiki cha kwanza peke yake. Ringi zilizoganda kwenye mifereji yake huachia taratibu injini inapopata joto, na nimeona silinda iliyoanza na bar 5 ikirudi kuwa sawa na wenzake baada ya saa chache za kufanya kazi.

Cheche

Pointi za distributa zilizokaa miaka mingi hufunikwa na utando mwembamba ambao jicho halioni lakini umeme haupiti. Zifute kwa msasa laini sana, kisha pitisha kati yake kipande cha karatasi ngumu safi ili kuondoa vumbi la msasa. Pima nafasi yake zikiwa wazi kabisa. Kwa magari mengi ni karibu milimita 0.4, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kagua kifuniko cha distributa kama kina mistari myembamba ya nyufa, na rota kama imeungua.

Rudisha waya wa koili uliotenganisha, washa swichi na uunganishe taa ndogo ya kupimia kati ya bodi na nguzo ya koili inayokwenda kwenye pointi, kisha zungusha injini. Taa inapaswa kuwaka pointi zinapofunguka na kuzima zinapofunga. Ikibaki imewaka muda wote, umeme haupiti kwenye pointi, aidha kwa uchafu au kwa waya uliokatika ndani ya distributa. Ikibaki imezima, koili haipati umeme, au pointi hazifunguki, au kondensa (kifaa kidogo kinachozilinda pointi) imegusana na bodi kwa ndani. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na hueleza mengi, nami huanza nacho kabla ya kununua kifaa chochote kipya. Usiiache swichi imewashwa muda mrefu injini ikiwa imesimama, kwani pointi zikiwa zimefunga koili hupata moto na inaweza kuungua.

Cheche nzuri ni ya buluu na hulia kwa ukali. Iliyofifia na kuwa ya manjano huashiria kondensa dhaifu, koili iliyochoka au waya wa plagi uliokauka. Ipime plagi ikiwa imeegemezwa kwenye chuma cha injini, mbali na matundu ya silinda, kwa sababu dawa ya kutu na mvuke wa petroli bado vimo humo.

Mafuta

Petroli huanza kupoteza nguvu ndani ya miezi michache, na baada ya miaka hubaki kuwa maji ya rangi ya kahawia yenye harufu kali ya vanishi. Ikiwa ilichanganywa na ethanoli, huwa pia imevuta unyevu wa hewa, na maji hayo yenye ethanoli hutuama chini ya tangi na kuozesha chuma. Usijaribu kuichanganya na petroli mpya ili kuiokoa. Mwaga yote, na mpaka tangi litakapokuwa limesafishwa, usilitumie kabisa: ilishe kabureta kutoka kwenye chombo kidogo safi cha chuma kilichofungwa imara, mbali na ekzosi na betri. Njia hii ina faida nyingine, kwani ikiwa injini itawaka kwa mafuta ya chombo na kukataa kwa mafuta ya tangi, utakuwa tayari umejua ubovu uko upande gani.

Kabureta ifunguliwe na kuoshwa, si kunyunyiziwa dawa kwa nje. Vanishi hujificha ndani ya jeti, vitundu vinavyopima mafuta, na jeti husafishwa kwa dawa na upepo, kamwe si kwa waya wa chuma, kwa sababu tundu lake limetobolewa kwa kipimo cha sehemu za milimita na mkwaruzo mmoja huliharibu. Hakikisha floti (boya linalodhibiti kiwango cha mafuta) haijaingiwa na mafuta na kwamba sindano inafunga. Paipu za mpira zibadilishwe zote kwa zile zinazostahimili ethanoli, maana zile za zamani hupasuka au huyeyuka ndani na kupeleka vipande vyeusi kwenye jeti ulizokwisha kusafisha.

Kuwasha

Kwa injini inayopozwa kwa maji, jaza rejeta na usubiri saa moja ukitazama pampu ya maji, paipu, na vizibo vya chuma vilivyoko ubavuni mwa bloku. Toa gari nje, kwa kuwa hewa ya ekzosi ina kaboni monoksidi ambayo haina harufu na huua. Mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto mkononi, na asiwe na kazi nyingine. Usimimine petroli kwenye koo la kabureta huku umeinamia, kwani injini isiyo na taimingi sahihi hurudisha moto juu.

Ikiwaka, macho yaende kwenye geji ya oili kabla ya kitu kingine chochote. Isipopanda ndani ya sekunde kumi, zima. Moshi mzito katika dakika za mwanzo ni dawa ya kutu inayoungua, na utapungua wenyewe. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye silinda. Wa buluu ni oili. Mweusi ni mafuta kupita kiasi, mara nyingi choki iliyokwama au floti iliyozama.

Ikiwaka wakati wa kupiga stata na kuzima mara unapoachia ufunguo, chunguza kizuizi cha umeme wa koili, yaani rezista inayoupunguza umeme huo. Magari yenye kizuizi hicho hupeleka umeme kamili kwa njia ya pembeni wakati wa stata tu, na kizuizi kikikatika, umeme hukoma ufunguo unaporudi. Ikiwaka kwa dakika moja kisha kufa polepole, mafuta hayaji kwa kasi ya kutosha. Ikipiga chafya kwenye kabureta, kuna hewa inayopenya au mafuta ni machache, au nyaya za plagi zimepishana. Mpangilio wa silinda kuwaka wa 1-3-4-2 ni wa kawaida kwa silinda nne zilizo kwenye mstari, na 1-5-3-6-2-4 kwa silinda sita, lakini Beetle hutumia 1-4-3-2, na kubahatisha hapa hupoteza siku nzima.

Iache ifanye kazi kwa dakika ishirini hivi ikiwa na mwendo wa juu kidogo, ukitazama joto na mavujo. Izime, mwaga oili ikiwa bado na joto, na utie nyingine pamoja na kichungi kipya, kwani oili hii ya kwanza imeosha kutu na masizi ya miaka yote. Injini ikipoa, rekebisha nafasi za valvu kama kitabu kinavyoelekeza na upime mgandamizo upya, ukilinganisha na namba ulizoandika mwanzo. Nafasi hizo zikaguliwe tena mara kwa mara katika kilomita elfu chache za kwanza, hasa kwa injini zilizobuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi, kwa kuwa risasi ililinda vikalio vya valvu za ekzosi, na petroli hiyo iliondoka katika vituo vya mafuta duniani kote mwaka 2021.

Gari lenyewe lisiondoke mahali lilipo hata kama injini inanguruma vizuri. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka hiyo yote yamevuta maji, silinda za breki za magurudumu huenda zimeshika kutu kama zilivyoshika pistoni, na paipu zake za mpira zina umri uleule wa zile ulizozitupa. Zifungue na kuzitengeneza kwanza, na unapofungua ngoma za breki usipulize vumbi lake bali ulifute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu viatu vya breki vya magari ya enzi hiyo mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto.